Kwa nini siri hutoka kirahisi kwa mtu usiyemwona?

Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, nyumba zimebebana mlimani hadi paa la jirani wa chini linakaribia kizingiti chako. Nyingi ni za mbao. Jirani akipiga chafya usiku, unaweza kumwambia pole bila kuinuka kitandani. Sasa mchukulie mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni, mwenye ndoa inayomkosesha usingizi. Amwambie nani, na kwa sauti ya kiasi gani?

Mama huyohuyo akiunganishwa kwa simu na mshauri aliye mbali, asiyemjua wala kumwona, anaweza kutoa ya miaka mitano kabla mega za intaneti hazijaisha. Tungetarajia kinyume, kwamba mtu afunguke kwa anayemjua na kumficha mgeni. Mbona inakuwa hivyo?

Sehemu ya jibu ipo kanisani. Aliyekulia katika parokia za Bukavu anakijua kile kiti cha kitubio chenye wavu kati ya padri na anayeungama. Karne ya 16, Askofu Mkuu wa Milano, Carlo Borromeo, alikuwa mmoja wa waliosisitiza kizuizi hicho kiwekwe. Nia yake ilikuwa heshima na kuzuia kashfa. Lakini wavu ule ulileta na faida nyingine: mtu asipouona uso wa anayemsikiliza, haoni ukikunjamana, na ulimi wake hauna cha kuuogopesha.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Mmarekani, John Suler, aliandika juu ya hali hiyohiyo kwenye intaneti. Watu husema huko mambo wasiyothubutu ana kwa ana, kwa sababu hawaonekani na kwa sababu wanaweza kujibu kwa wakati wao. Alionya pia kwamba jambo hilo lina sura mbili. Linalomfanya mtu aandike machungu yake usiku ndilo linalomfanya mwingine amtukane asiyemjua kwenye Facebook.

Kabla ya hapo, mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo ya programu yake iliyoitwa ELIZA. Iligeuza tu maneno ya mtu kuwa swali: ukisema una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, baada ya kuandikiana nayo kidogo alimwomba bosi atoke chumbani. Alijua fika ni mashine, na bado alitaka faragha nayo.

Sababu ya pili ni yetu zaidi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ukimpelekea dada yako habari za mume, atakuwa upande wako, na upendo wake ndio utakaokuponza. Jioni mama anajua, kesho wajomba. Wiki ijayo wewe na mume mmepatana, mnakula sahani moja, lakini ukoo haujapatana naye, na kila sikukuu anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Mshauri wa mbali hana shemeji wa kumnunia. Hadai mahari, wala hamwaniki mtu kwenye kikao cha familia.

Hata hivyo, kufunguka bado si kupona, na hapa wengi hukatishwa tamaa. Wanaongea, wanalia, wanajisikia wepesi siku mbili, kisha mzigo unarudi.

Kiswahili chetu kimebeba siri ndogo: tukisema mtu “ana mawazo”, tunamaanisha ana wasiwasi, ingawa neno lenyewe ni fikra tu. Miaka ya 1960 daktari Aaron Beck, huko Philadelphia, alijenga tiba nzima juu ya uhusiano huo. Mama wetu wa sambaza akipiga simu na mume asipokee, moyo unaenda mbio. Ukimuuliza, atasema simu ndiyo iliyomtisha. Kumbe kati ya simu na moyo limepita wazo la haraka: “Yuko kwa mwingine.” Mshauri hamwambii kwamba anakosea. Anamwomba kwa wiki moja aandike saa, wazo lililomjia, na kilichokuja kujulikana baadaye. Mara tatu simu ilikuwa imezima kwa kukosa umeme. Mara moja kweli mume alikuwa na la kueleza. Sasa ana kitu cha kuzungumza na mumewe, badala ya kuishi na picha moja kubwa ya kutisha.

Kazi hiyo ni ya kuandika, kujaribu na kurudi na majibu, ndiyo maana inahamia kwenye simu bila kupoteza sana. Watafiti waliolinganisha tiba ya aina hii kwa intaneti na ile ya ana kwa ana wamekuta kwamba kwa wasiwasi na huzuni matokeo yanakaribiana, ilimradi kuna mtu upande wa pili anayefuatilia. Programu ukiachiwa peke yako, wengi huacha njiani.

Wapo wanaosema psikologi ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliokuwa wametendewa ukatili wa kingono. Vijiji 7 vilipata tiba ya mawazo, zaidi kwa vikundi, na 8 vilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baadaye, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa tiba, na asilimia 42 upande wa pili. Ilikuwa ana kwa ana, kwa majeraha mazito kuliko ugomvi wa nyumbani. Lakini waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa hapahapa waliofundishwa na kusimamiwa.

Turudi kwenye ukuta wa mbao, maana kikwazo cha kwanza cha tiba ya simu si mtandao, ni mahali pa kukaa. Kisikilizi cha masikioni kinaficha sauti ya mshauri, si yako. Kwa hiyo wengine huandika badala ya kuongea, wakisubiri watoto walale. Kama simu inashikwa na watu wawili, maandishi yafutwe kila mara. Na uulize nani mwingine anayeyaona: mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitoza kampuni kubwa ya tiba mtandaoni, BetterHelp, dola milioni 7.8 kwa kuwapa watangazaji, Facebook wakiwemo, habari za wateja wake.

Wanandoa wanaweza kukaa pamoja mbele ya simu moja, lakini si pale penye kipigo. Anayepigwa akisema ukweli mbele ya anayempiga, simu ikikatika ndiye anayebaki naye chumbani. Na mwenye mawazo ya kujiua au anayesikia sauti asiongoje zamu ya mtandaoni, apelekwe hospitali. Bukavu kuna kituo cha SOSAME kwa ajili ya maradhi ya akili.

Kwa wengine wote, kikao cha kwanza kianze na swali dogo kwa mshauri: mtu akiingia chumbani ghafla, tufanyeje? Aliyezoea kazi yake atakuwa na jibu, na mtapatana neno. Mama wetu anaweza kusema tu, “Sambaza za leo zimekwisha, piga kesho,” na upande wa pili mtu akakata bila kuuliza.