Sklerodema huanzia vidoleni

Watu wakisikia natafiti sklerodema, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi na viungo vya ndani, hudhani mimi ni daktari wa ngozi. Siwalaumu. Ngozi iliyokaza ndiyo huwaleta wagonjwa hospitalini: mikono haikunjuki, mdomo haufunguki vizuri, sura imebadilika hadi majirani wanaanza kunong'ona kuhusu uchawi. Lakini ngozi huchelewa. Vidole hutangulia, mara nyingine kwa miaka, na joto la Kisumu linatuficha dalili hiyo.

Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862: baridi ikiingia, mishipa ya vidole inabana, vidole vinapauka, vinageuka samawati, kisha vinakuwa vyekundu damu ikirudi. Mtu wa Molo au Timboroa ataliona hilo asubuhi yoyote. Wa Kisumu huenda asijue, isipokuwa kazi yake ni ya barafu. Ndiyo maana nikikutana na muuza samaki wa mbuta huuliza, "Mama, ukishika barafu vidole vinakuwaje?" Na kwa ngozi nyeusi usitazame mgongo wa mkono, tazama kiganja na chini ya kucha. Vitabu vingi tulivyosomea vina picha za Wazungu, na wagonjwa wetu ndio wanaolipia. Kwa sklerodema, ngozi yetu inaweza kupoteza rangi, ikabaki vidoadoa tu kuzunguka vinyweleo, kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Mgonjwa anaambiwa ni mbalanga, anapewa krimu, anaenda nyumbani.

Wengi ambao vidole vyao hupauka hawana ugonjwa mwingine wowote, hasa ikiwa ilianza ujanani. Mimi hushtuka ikianza baada ya umri wa miaka 30, vidole vikavimba hadi pete haiingii, au vikatoka vidonda nchani.

Ndani ya mwili, kinga imegeukia wenyeji wake. Mishipa midogo ya damu huumia kwanza. Kisha zile seli za kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoshikilia ngozi, ambazo kwa kawaida hufunga jeraha zikatulia, hazitulii tena. Kovu linajengeka pasipo na jeraha: kwenye ngozi, umio, mapafu, wakati mwingine moyo.

Siku hizi mapafu ndiyo huua zaidi. Kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi, kukonda: magharibi mwa Kenya dalili hizo hupelekwa moja kwa moja kwenye kifua kikuu, na ni haki, TB tunayo. Kinachoniudhi ni mtu kurudishiwa dawa za TB wakati makohozi hayajawahi kuonyesha kitu, na hakuna aliyemshika mkono akahisi ngozi yake.

Figo nazo. Presha ikipanda ghafla kwa mgonjwa wa sklerodema, hiyo ni dharura ya figo. Kabla dawa za presha za kundi la kaptoprili hazijaanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, wengi wa waliofikia hapo walikufa. Prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) ikiwa nyingi, hasa zaidi ya miligramu 15 kwa siku, huongeza hatari hiyo, nasi tunaigawa kwa kila kiungo kinachouma.

Siku hizi nafikiria sana vumbi. Mwaka 1914, daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aligundua kwamba wagonjwa wake kadhaa wa sklerodema walikuwa waashi wa mawe. Mwaka 1957, daktari aitwaye Erasmus aliuona ugonjwa huohuo kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Kinachoshukiwa ni vumbi la silika, madini yaliyo ndani ya mawe. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, kwa hiyo mwanaume akija nao namuuliza kazi kabla ya kuuliza chochote. Ikolomani na Migori watu wanasaga mawe ya dhahabu bila hata kitambaa puani, na kwenye faili la mgonjwa utakuta tu "mfanyabiashara".

Kwa maofisa wa kliniki wanaonisoma: kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, kina bei, na watu wengi wasio wagonjwa hutoka chanya. Kabla yake, dondosha mafuta kidogo kwenye ukingo wa kucha, tazama kwa dematoskopi (lenzi ya kukuzia ngozi) au hata kile kifaa cha kuchunguzia macho. Mishipa yenye afya imejipanga sawasawa. Ya sklerodema imetanuka, imevuja damu, au imetoweka ikaacha mapengo. Anza na kidole cha pete cha mkono asioutumia sana, kwa sababu hapo huonekana vizuri zaidi na kazi haijapachubua. Ukiona mapengo, pima presha, sikiliza mapafu chini mgongoni, kisha umwandikie rufaa siku hiyohiyo.