Vita vya Ukraine, anga ya Kilimanjaro na kibali cha droni yako

Kila msimu wa kupanda mlima unapokaribia, malalamiko kuhusu droni huongezeka mezani kwetu, sisi tunaosimamia usafiri wa anga. Waongoza watalii wa Moshi, wapiga picha wa harusi wa Arusha na wageni wanaoshuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) wanauliza swali lilelile: kwa nini kamera yenye mapanga manne, ambayo haifiki hata kilo moja, iombewe ruhusa ya mamlaka ya anga, na zaidi ya hapo Wizara ya Ulinzi iulizwe? Wengine hawaulizi, wanahukumu moja kwa moja kwamba ni urasimu.

Swali ni halali na linastahili jibu kamili. Nitaanzia mbali kidogo, Ulaya Mashariki, kwa sababu huko limejibiwa kwa gharama kubwa ya maisha ya watu. Ieleweke mapema kwamba makala haya hayaamui nani ana haki katika vita vya Urusi na Ukraine. Hilo lina wenyewe. Kazi yetu ni anga, na mambo yaliyotokea angani tangu 24 Februari 2022 yanamhusu kila anayerusha chombo, kikubwa au kidogo.

Vita vilipoanza, droni zilizotajwa zilikuwa kubwa, kama Bayraktar TB2 ya Uturuki yenye mabawa ya mita 12. Mitambo ya ulinzi wa anga ya Urusi ilipojipanga vizuri zilianza kudunguliwa, na nafasi yake ikachukuliwa na vitu vidogo. Kwanza zilikuja droni za dukani, zilezile za picha, zikibeba guruneti moja na kulidondosha juu ya handaki. Kisha zikaja droni za mbio, ambazo rubani wake hukaa mbali amevaa miwani ya video na kuona kile kinachoonwa na kamera. Moja hugharimu dola mia chache, hufungwa kichwa cha roketi ya kupigia vifaru, na huharibu kifaru cha mamilioni ya dola. Pande zote mbili sasa huzitengeneza kwa mamilioni kila mwaka, na mwaka 2024 Ukraine iliunda tawi zima la jeshi kwa ajili ya mitambo isiyo na rubani.

Matokeo yake ni kwamba ukanda wa kilomita 10 hadi 20 kutoka mstari wa mbele umekuwa eneo ambalo gari halipiti mchana bila kuonekana, na likionekana hupigwa. Majeruhi husubiri giza ndipo waondolewe. Barabara zimefunikwa kwa nyavu, nyingine zikiwa nyavu kuukuu zilizotolewa na wavuvi wa Denmark na Ufaransa, ili panga la droni linase kabla haijafika kwenye gari. Katika mji wa Kherson raia wamewindwa na droni za Urusi wakienda sokoni, na tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema Mei 2025 kwamba mashambulizi hayo ni uhalifu dhidi ya binadamu.

Kuna hoja moja ninayoisikia kila tunapoitisha kikao na wadau: “Wekeni tu mtambo wa kuziba mawimbi ya redio yanayoongoza droni, muache kusumbua watu na makaratasi.” Hapana. Ukraine na Urusi zina mitambo hiyo kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, na bado droni zinapita. Ukiziba masafa haya, mwenzako anahamia mengine. Tangu mwaka 2024 droni nyingi hazitumii mawimbi kabisa: zinavuta nyuma yake uzi mwembamba wa mkongo, wa aina ile inayoleta intaneti ofisini kwako, wenye urefu wa kilomita 10, 20 au zaidi. Hakuna cha kuziba hapo. Isitoshe, mtambo wa kuziba mawimbi hauchagui. Ukiuwasha karibu na uwanja wa ndege unaweza kumvuruga hata rubani anayetua kwa kufuata satelaiti. Mwaka 2024 shirika la ndege la Finland, Finnair, lilisitisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa. Estonia haiko vitani.

Upande wa masafa marefu mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi. Tangu Septemba 2022 Urusi imekuwa ikitumia droni ya Shahed-136, ya asili ya Iran, ambayo sasa inaundwa kwa wingi katika eneo la viwanda la Alabuga, Tatarstan. Ina uzito wa takriban kilo 200, inabeba baruti ya kilo 50 hivi, na inakwenda kama kilomita 185 kwa saa. Kwa mwendo huo ingetoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa saa mbili na nusu, na ingekuwa bado na mafuta ya safari ndefu, maana uwezo wake unazidi kilomita 1,000. Makadirio ya gharama yake huanzia makumi ya maelfu ya dola, wakati kombora moja la mtambo wa Patriot wa Marekani ni takriban dola milioni nne. Usiku wa kuamkia 7 Septemba 2025 zilirushwa zaidi ya droni 800 kwa mkupuo. Hakuna hazina inayoweza kujibu hesabu hiyo kwa makombora ya Patriot peke yake, ndiyo maana Ukraine imerudi kwenye bunduki zilizofungwa kwenye magari na droni za bei ndogo za kudungua droni. Shabaha kubwa ya mashambulizi hayo tangu Oktoba 2022 imekuwa umeme: vituo vya kuzalisha, transfoma, njia kuu za kusafirisha. Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa makamanda wa Urusi kwa mashambulizi hayo dhidi ya miundombinu ya umeme.

Ukraine nayo imepiga mbali. Imeshambulia viwanda vya kusafisha mafuta na maghala ya silaha ndani ya Urusi, na Aprili 2024 iligeuza ndege nyepesi ya kiraia kuwa droni, ikapiga eneo lilelile la Alabuga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani. Ila tukio ambalo watu wa fani yangu tumelijadili kuliko yote ni la 1 Juni 2025. Droni ndogo 117, kwa hesabu ya Ukraine, zilifichwa kwenye vibanda vya mbao juu ya malori ya kawaida, zikaingizwa ndani kabisa ya Urusi, mapaa yakafunguka kwa amri ya mbali, zikaruka na kupiga ndege za kijeshi zilizoegeshwa. Kambi mojawapo, Belaya mkoani Irkutsk, iko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Ziliongozwa kupitia mitandao ya simu ya Urusi yenyewe. Umbali haukuwalinda Warusi, na waliokutana na malori yale barabarani waliona malori tu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni ndege za abiria.

Mlinzi wa anga anayeona alama kwenye rada usiku ana dakika chache, pengine sekunde, kuamua ni nini. Akikosea, wanaokufa ni abiria. Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya Malaysia, MH17, ilipigwa kwa kombora la Buk juu ya mashariki ya Ukraine. Watu 298 walikufa. Tarehe 8 Januari 2020 walinzi wa anga wa Iran waliidhania ndege ya abiria ya Ukraine iliyotoka Tehran kuwa kombora, wakaidungua. Watu 176 walikufa. Tarehe 25 Desemba 2024 ndege ya Azerbaijan Airlines ilikuwa ikienda Grozny wakati mji huo ukishambuliwa na droni. Ilijeruhiwa angani, ikavuka Bahari ya Kaspi, ikaanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67, walikufa 38. Oktoba 2025 Rais wa Urusi alikiri kwamba makombora ya ulinzi wa anga wa nchi yake yalilipuka karibu na ndege ile. Rubani hakuwa na kosa, wala abiria. Anga ilikuwa imejaa vitu visivyo na jina, na mwenye kombora hakujua kipi ni kipi.

Ndiyo maana viwanja vya Moscow sasa hufungwa mara kwa mara droni zikionekana, na Mei 2025 makumi ya maelfu ya abiria walikwama ndani ya siku mbili tu. Septemba 2025 droni karibu 20 ziliingia anga ya Poland na uwanja wa Warsaw ukafungwa. Wiki hizo hizo Copenhagen ilifungwa karibu saa nne, na mapema Oktoba ikafuata Munich. Na kwa wanaosema hayo ni ya Wazungu, Mei 2025 droni zilipiga uwanja wa ndege na maghala ya mafuta ya Port Sudan, mji ambao ndio ulikuwa mlango mkuu wa misaada ya Sudan. Hapo si mbali nasi.

Turudi nyumbani. Anga yetu ya kaskazini ina shughuli nyingi kuliko watu wanavyodhani. KIA hupokea ndege kubwa za kimataifa. Pale Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, ndege ndogo za kwenda Seronera na Manyara hupaa na kutua asubuhi nzima. Helikopta za uokoaji hupanda Kilimanjaro kuchukua wagonjwa waliozidiwa na kimo, mara nyingi zikipita kwenye upenyo mfupi kabla mawingu hayajafunga. Rada ya kuongozea ndege haikuundwa kuona kitu cha ukubwa wa sahani kinachoruka chini. Nasema hivi kwa sababu kuna dhana iliyoenea kwamba “mnara unaona kila kitu.” Hauoni. Unamjua aliyejitambulisha.

Na udogo wa chombo si kinga. Januari 2025, moto ukiteketeza Los Angeles, droni ya mtu mmoja aliyetaka tu kuangalia iligonga bawa la ndege ya kuzima moto na kulitoboa. Ndege ikatua salama, ila ikawekwa pembeni kwa matengenezo wakati moto bado unawaka. Mtu yule hakuwa adui wa nchi. Fikirieni helikopta iliyoitwa kwenda Barafu Camp, kambi ya wapandaji mlimani Kilimanjaro, kumfuata mpagazi mwenye maji kwenye mapafu, ilazimike kugeuka kwa sababu mtu anatafuta picha ya machweo.

Kuhusu utaratibu, naomba usomwe kwa makini, kwa kuwa makosa mengi hutokea hapa. Msingi ni Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zilizotungwa mwaka 2018 kuhusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali. Droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inahitajika. Usajili ni wa chombo. Ruhusa ya kurusha ni jambo la pili, nayo inataja nani, wapi, lini na kwa kazi gani. Mwenye ruhusa ya harusi Njiro hana ruhusa ya kurusha Usa River wiki inayofuata. Namba ya chombo inayoandikwa kwenye maombi ni ile iliyochapwa kwenye mwili wa droni, si ya rimoti wala ya boksi. Wengi huandika ya boksi, kisha hushangaa maombi yakirudi.

Hifadhi zina ruhusa yake. Kibali cha mamlaka ya anga hakikupi haki ya kurusha ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, Arusha au Tarangire bila ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), wala Ngorongoro bila mamlaka ya hifadhi hiyo. Kampuni za utalii zinalijua hili vizuri, na bado zipo zinazomwambia mgeni “tutamalizana getini.” Hakumaliziki getini. Mgeni atangaze droni yake forodha anapowasili, na maombi yawe yamefanywa kabla hajapanda ndege ya kuja. Anayeificha kwenye begi la nguo amebadilisha suala la karatasi kuwa kosa. Adhabu ya kurusha bila kibali inaweza kuwa faini, kifungo, au vyote viwili, na chombo kinaweza kutaifishwa. Kurusha kwenye njia ya ndege kunatazamwa kwa uzito zaidi, hata kama hakuna aliyeumia.

Hatupingi droni. Zanzibar ilichorwa ramani kwa droni kuanzia mwaka 2016 kwa kazi iliyofanywa na vijana wetu, na wakulima wa kahawa wana kila sababu ya kuzitumia mashambani. Kijana wa Majengo anayeishi kwa kupiga picha za juu ana haki ya kupata kibali chake kwa wakati, na akicheleweshwa na ofisi aandike barua aulize sababu, apewe jibu la maandishi.

Ukiona droni karibu na njia ya kutua ya KIA, Kisongo au uwanja wa Moshi, andika saa, upande ilikotokea na ilikoelekea, kisha toa taarifa uwanjani au kituo cha polisi kilicho karibu bila kusubiri itue. Usiipige mawe, na usirushe ya kwako kuifuata. Ikianguka, watu wakae mbali na betri. Nanyi mnaomiliki droni zisizosajiliwa, njooni Mamlaka ya Usafiri wa Anga na chombo, risiti ya ununuzi na kitambulisho cha taifa sasa, kabla msimu haujaanza na foleni haijawa ndefu.