Fulana zenye michoro kutoka lebo ndogo: ninavyozitafuta na kuzipima hapa Tanga

Kazi yangu ni uchapaji wa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu wenye mchoro hadi kwenye kitambaa, na kwa kuwa meza yangu iko Tanga, fulana nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za lebo ndogo za vijana wa hapa na wa Dar es Salaam, yaani watu wanaochora wenyewe, wananunua fulana tupu kwa dazeni na kuziuza kupitia Instagram na WhatsApp. Wasomaji huniuliza mara kwa mara ninazipataje zilizo nzuri na ninaamuaje kuwa hii inafaa kununuliwa na ile haifai. Kabla sijagusa kitambaa huwa najiuliza swali moja: je, aliyechora anakifahamu anachokichora, na alipokuwa akichora alikumbuka kwamba kazi yake itavaliwa na mtu anayetembea, anayetoka jasho na anayefua?

Nianze na namna ya kuzipata. Picha za simu hazinisaidii sana, kwa sababu lebo nyingi hupachika mchoro kwa kompyuta juu ya picha ya fulana tupu, na mteja huona kitu ambacho bado hakijachapwa. Mimi hupendelea kuziona fulana zikiwa zimeshavaliwa. Siku ya mechi Mkwakwani, au jioni watu wanapopunga upepo Raskazone, utaona fulana zilizokwisha kufuliwa na kuanikwa juani kwa miezi, na hapo ndipo unapojua lebo gani ina wino unaodumu. Nikiona iliyonivutia humuuliza mvaaji ameipata wapi, na sijawahi kuona mtu akichukia kuulizwa hivyo. Njia ya pili ni kuwauliza wachapaji wenzangu, kwa kuwa mchapaji anajua nani huleta mchoro uliokamilika na nani huleta picha yenye ukungu aliyoichota intaneti. Kule Chicago, kampuni ya Threadless iliyoanzishwa mwaka 2000 iliwaachia watu wapigie kura michoro kwanza, kisha ikachapa iliyopendwa. Kwetu kazi hiyo hufanyika kwenye makundi ya WhatsApp na vibarazani, na lebo zinazosikiliza maneno ya huko huonekana kwa ubora wa kazi zao.

Fulana iliyonifurahisha kuliko zote kwa siku za karibuni ni ya silikanti, iliyotolewa na lebo moja ndogo ya hapa mjini. Samaki huyu ana uhusiano wa kweli na Tanga. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kisha, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wavuvi wa mwambao wetu wakawa wanamkuta amenasa kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kwa hiyo michoro yake ni mingi, na iliyokosewa ni mingi pia. Wengi humchora kama chewa mnene. Silikanti mkia wake una sehemu tatu, ile ya katikati ikiwa ndogo na ikichomoza nyuma kupita mbili za juu na chini. Mapezi yake ya ubavuni yamebebwa na mashina ya nyama. Na mwilini ana madoa meupe ambayo mpangilio wake haufanani kati ya samaki mmoja na mwingine. Mchoraji wa fulana hii ameviweka vyote hivyo bila kujaza mchoro kupita kiasi.

Kilichonishika zaidi kama mchapaji ni uamuzi wake wa kutumia wino mweupe peke yake juu ya fulana ya buluu iliyokoza. Mwili wa samaki ni kitambaa chenyewe ambacho hakikuguswa. Kilichochapwa ni madoa, ukingo wa magamba, jicho na ncha za mapezi, na macho ya mtazamaji hukamilisha yaliyobaki. Angetaka kuujaza mwili kwa rangi, ingebidi mchapaji atangulize tabaka la wino mweupe, kisha aweke rangi juu yake, na mvaaji angebeba kifuani bamba zito lisilopitisha hewa, ambalo kwa joto la Tanga la mwezi wa pili halivumiliki. Kasoro ninayoiona ni ya vipimo: wametumia fremu moja, yaani skrini yenye mchoro wa ukubwa mmoja, kwa saizi zote, na kwenye saizi ndogo ule mkia, ambao ndio fahari ya mchoro, unaingia kwapani. Anayevaa saizi ya S afadhali asubiri toleo lijalo, na lebo ingefanya vyema kutengeneza fremu ya pili iliyo ndogo zaidi.

Nimeona pia fulana ya mkonge iliyouzwa kwa maneno mengi kuhusu historia ya mkoa wetu, ambao zao hilo limo ndani yake tangu Mjerumani Richard Hindorf alipolileta mwaka 1893. Mmea uliochorwa kifuani ulikuwa mshubiri. Jani la mkonge lina ukingo laini na mwiba mmoja mgumu kwenye ncha, ilhali lile la mshubiri lina meno pembeni kote, na mtu yeyote aliyelelewa Muheza au Korogwe atalitambua kosa hilo akiwa ng'ambo ya barabara. Uchapaji wake ulikuwa safi kabisa, lakini siwezi kuisifu.

Kuhusu wino, kuna vipimo ambavyo mnunuzi anaweza kuvifanya akiwa amesimama mbele ya muuzaji. Pitisha kiganja juu ya mchoro. Ukihisi utando unaoteleza, wenye ukingo unaoweza kuushika kwa ukucha, huenda ni kazi ya DTF, ambayo mchoro huchapwa kwenye filamu ya plastiki, ukanyunyiziwa unga wa gundi na kubandikwa kwa mashine ya joto. Njia hiyo inafaa kwa fulana chache zenye rangi nyingi, na siidharau, ila mchoro mkubwa wa namna hiyo huzuia hewa. Kwa wino wa plastisoli, ambao ni wa plastiki na hukaa juu ya kitambaa, shika pande mbili za mchoro uvute kidogo: ukipasuka nyufa, mara nyingi ni kwamba haukuivishwa vizuri, kwa maana plastisoli huhitaji joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi lifike hadi chini ya wino, na wapo wanaoharakisha kwa pasi. Wino wa maji huingia ndani ya nyuzi za pamba na hauhisiki sana mkononi, na kwa mwambao huu ndio ninaoupenda, ingawa mchapaji huteseka nao kwa sababu hukauka kwenye wavu wa skrini na kuziba matundu.

Kitambaa nakipima haraka. Pamba ya gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba inatosha kwetu. Chini ya hapo mwili huonekana, na juu ya 200 unatafuta jasho. Ukosi uvutwe na urudi mahali pake. Kunja fulana katikati kwa urefu uone kama mishono ya ubavuni inalingana, kwani kitambaa kilichokatwa vibaya hujipinda baada ya kufuliwa, na mchoro uliokuwa kifuani unahamia ubavuni.

Zipo pia fulana za maneno matupu, na hapa Tanga huwezi kukosa ile ya "Waja leo waondoka leo". Matoleo yake mengi yamechapwa kwa herufi zilezile za kompyuta unazoziona kwenye mabango ya mikutano. Moja tu ndiyo iliyonifanya nitoe pesa: herufi zimeandikwa kwa mkono, nene na zenye kubanana, zikiwa zimepangwa kwenye mstari mmoja sehemu ya chini, ndani ya fremu ya mapambo, kama jina la kanga linavyokaa, na neno "leo" la pili limeachwa likaribie mshono wa ubavu, kana kwamba lenyewe linaondoka.

Bei za fulana za lebo ndogo hupanda kwa sababu zinazoeleweka. Kila rangi inahitaji skrini yake, na gharama ya kuitayarisha ni ileile uchape fulana kumi au mia tano, hivyo lebo ndogo hailingani kamwe na mzigo wa jumla wa Kariakoo. Ninachomuuliza muuzaji kabla ya kulipa ni jina la mchoraji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za michoro, na lebo iliyomlipa mchoraji wake humtaja bila kusita. Wengine wameanza kulichapa jina lake ndani ya ukosi, chini ya saizi. Ile ya silikanti imefanya hivyo.