Alipwe kama fundi bomba

Walimu wa kwaya wakija studio kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, swali halikosekani: "Prodyuza, kwenye mauzo wewe unachukua asilimia ngapi?" Sichukui. Tukishapatana bei ya kazi, yameisha. Msimamo huo niliuokota kwa fundi wa kurekodi muziki, Mmarekani Steve Albini, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 61.

Albini alikuwa mpiga gitaa, kwanza wa bendi ya Big Black, baadaye Shellac, na nadhani ndiyo maana hakuweza kumnyonya mwanamuziki mwenzake. Bendi ya roki ya Nirvana walipotaka awarekodie albamu ya In Utero, aliwaandikia kwamba yeye alipwe kama fundi bomba. Asilimia akaikataa, wakati albamu yao iliyotangulia ilikuwa imeuza mamilioni! Februari 1993 wakajichimbia studio moja ya mashambani Minnesota, wakamaliza kwa wiki mbili hivi. Hata jina la prodyuza hakulipenda. Yeye alikuwa aliyerekodi, basi.

Ila kilichonikamata zaidi ni dramu zake. Pamoja na maiki za karibu, alitega nyingine mbali, sakafuni, zinase chumba chenyewe kinavyoitika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita tano nyuma husikia pigo likiwa limechelewa kama milisekunde 15. Yeye aliongeza ucheleweshaji kidogo tena kwa mtambo, na chumba kikasikika kikubwa kuliko kilivyo.

Mimi zamani nilikuwa nafunika kuta kwa magodoro, kila mwimbaji maiki mdomoni. Kwaya ya watu thelathini ikasikika kama imefungiwa kabatini. Siku hizi nawafuata kanisani kwao, naweka maiki mbili sakafuni katikati ya ukumbi, na kazi kubwa inafanywa na jengo. Adui ni mabati. Masika tunaanza alfajiri, kabla wingu la Mlima Loleza halijashuka, maana mvua ikigonga paa hakuna kompyuta itakayokuokoa.

Juzi mwalimu mmoja alisikiliza kazi yake, akatulia, akarudisha nyuma.

"Fundi, huyu mbwa anayebweka ubeti wa pili?"

"Nimemwacha, mwalimu."

"Mbona amebweka ndani ya mapigo," akasema, akaomba nakala ya pili.