Ulemavu wa ukuaji na majanga ya maradhi: uhusiano wake ni upi?

Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza mtoto akiwa tumboni, anapozaliwa au akiwa bado mdogo, ukaathiri namna anavyojifunza, anavyozungumza, anavyotembea au anavyojihudumia. Kwa kawaida humfuata mtu maisha yake yote. Usonji (autism) umo humo, mtindio wa ubongo (cerebral palsy, unaoathiri misuli na mwendo) pia, na hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo kwa sababu ya kromosomu ya ziada. Hauambukizi, wala si laana, hata kama majirani watasema hivyo.

Maradhi yanapoenea, wengi huuliza virusi vitawafanya nini watu hawa. Ni swali la haki: wenye hali ya Down, kwa mfano, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa Korona. Lakini nchini Uganda, naona madhara mengi zaidi yaliletwa na amri za kujikinga.

Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2022. Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na magazetini. Mtoto anayejifunza kwa kushika kitu, kurudia na kuongozwa mkono kwa mkono atapata nini redioni? Mwenye usonji, ambaye siku yake hutulia kwa sababu kila jambo lina saa yake, aliamka akakuta ratiba yote imefutika na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Wengine walianza kupiga kelele usiku, wengine kujiuma. Wazazi, hasa akina mama, walibeba hayo bila kupumzika, huku kibarua cha mjini kikiwa kimekwisha.

Usafiri nao uliumiza. Magari ya abiria yalipozuiwa na boda boda kukatazwa kubeba watu, mgonjwa asiye wa Korona alihitaji kibali cha RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, ili apelekwe hospitali kwa gari. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikosa mazoezi ya viungo, misuli hukaza, na kuinyoosha tena ni kazi ya muda mrefu. Kuna pia kifafa, ambacho huwapata wengi wao: dawa ikikatika ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo na kuua. Hilo haliwezi kusubiri amri ilegezwe.

Barakoa ilikuwa na shida yake. Anayetokwa na mate muda wote huilowesha mara moja, na asiyevumilia kuguswa uso huing'oa.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 11 kinadai walindwe wakati wa hatari. Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022, safari za kuingia na kutoka wilaya za Mubende na Kassanda zilizuiwa tena. Kabla ya zuio kama hilo, familia hizi zinastahili kupewa dawa za kifafa za miezi kadhaa, kibali cha usafiri kinachojulikana kwenye kila kizuizi cha polisi, na maelezo ya ugonjwa kwa picha na maneno mafupi.