Siki inaunguza jani, ndago inabaki

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Buswelu, Mwanza, aliniita uani kwa shangwe: "Bwana shamba, njoo uone!" Alikuwa amepulizia siki, hii hii ya kutilia kwenye chipsi, juu ya magugu yaliyoota katikati ya mawe. Alipulizia asubuhi jua likiwaka. Hadi jioni majani yalikuwa yamesinyaa na kuwa ya kahawia. Juzi kaniita tena, safari hii bila shangwe. Ndago zimerudi, mbichi kabisa.

Nikafukua moja kwa kisu. Chini kulikuwa na viazi vyake vidogo vyeusi, vimeungana kama shanga kwenye uzi, wala hakuna kilichoguswa. Siki huunguza pale ilipogusa tu: asidi hupasua seli za jani, maji yanatoka, jani linakauka. Haishuki mizizini. Ndiyo maana kishonanguo kichanga chenye majani mawili matatu hufa, lakini ndago na sangari huchipua upya.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta siki kali zaidi. Ya jikoni ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Ikizidi asilimia 11 inaunguza ngozi. Ya asilimia 20 ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha. Jirani alishanunua asidi nzito, ameiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, iko dirishani juu ya ndoo wanayochotea watoto. Nikamwambia aiondoe kwanza, mengine tutaongea baadaye.

Anayeshikilia kuitumia avae miwani inayoziba macho pande zote, glavu za mpira na mikono mirefu. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Apulizie asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Na bomba la kupulizia lililowekwa siki lisitiwe dawa ya klorini ya kufulia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kuna wanaoongeza chumvi. Hao ndio wananikera. Siki huoza udongoni baada ya siku chache; chumvi haiozi, na kwenye miteremko yetu mvua huishusha hadi kwenye tuta la mchicha la mtu wa chini.

Ndago dawa yake ni kuifukua na viazi vyake, na kurudia kila inapochungulia. Hata ukiifunika kwa nailoni inatoboa. Kisu changu bado kiko kwa jirani.