Namba iliyosingiziwa utasa

4,294,967,297. Nikiiandika ubaoni na kuuliza kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, wa kwanza huijaribu kwa 3, wa pili kwa 7, halafu simu zinaanza kutoka mifukoni. Siwalaumu. Mwanahisabati Pierre de Fermat mwenyewe, mwaka 1640, alikuwa na imani kwamba namba za aina hii zote ni tasa.

Alichukua 2, akaipandisha kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akiongeza 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa kweli. Inayofuata, 2^32 + 1, ndiyo hii yetu. (Mafundi wa kompyuta mnamjua jirani yake, 2^32: ndiyo idadi ya anwani za intaneti za mfumo wa IPv4.)

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akawaanika watoto wa namba hii, yaani vigawo vyake: 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Basi 3, 7, 11 na wenzao hawaguswi kabisa. Wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Ila mimi kinachonikosha ni kwamba hata kugawanya si lazima. Itazame 641 mara mbili: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Sasa tuhesabu mabaki peke yake, tukigawanya kwa 641. Sura ya kwanza inasema 5 × 2^7, yaani 640, ni sawa na −1, kwa kuwa imepungukiwa 1 kufika 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Sura ya pili inasema 5^4, yaani 625, ni sawa na −16, ambayo ni −2^4. Badilisha: −2^32 ni sawa na 1. Kwa hiyo 2^32 + 1 inabakiza 0. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudia kwenye karatasi nikidhani nimeruka hatua.

Tangu hapo hakuna tasa ya sita iliyopatikana katika ukoo huu. Wale ambao kipeo chao ni 2^5 (yaani 32, hii yetu) hadi 2^32 wote wamethibitika si tasa. Wawili kati yao, wa 2^20 na wa 2^24, tunajua wana watoto, lakini hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja.